Kuchoma Nyama kwa Mkaa: Moto, Hewa na Wakati

Nyama iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani ni kasoro inayofahamika kwa kila mtu aliyepata kula nyama ya kuchoma, awe ameila Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Kwa kawaida lawama humwangukia mnyama: husemwa kwamba ng'ombe alikuwa mzee, au kwamba muuza nyama ametoa shingo mahali pa paja. Ni kweli kwamba ng'ombe wengine ni wagumu. Lakini mara nyingi zaidi kosa liko chini ya wavu, katika namna mkaa ulivyochaguliwa, ulivyowashwa na ulivyopewa hewa.

Tena kasoro hiyo si ya ladha peke yake. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kumpa mlaji mnyoo wa tegu, na tegu huleta balaa kubwa zaidi, kama itakavyoelezwa. Nyama iliyobabuliwa na ndimi za moto nayo hubeba kemikali zinazohusishwa na saratani. Hivyo mchomaji yuko kati ya hatari mbili: akiogopa kuunguza huacha nyama mbichi, na akiogopa ubichi huunguza. Njia ya kupita katikati ipo, lakini haipatikani kwa kuongeza mkaa wala kwa kupepea kwa nguvu.

Mkaa na tabia zake

Mkaa hupatikana kwa kuchoma kuni katika tanuri lenye hewa kidogo sana. Maji yaliyomo ndani ya mti hutoka kwanza. Kisha, joto linapopita nyuzi 270 za Sentigredi hivi, mti wenyewe huanza kuvunjika na kutoa gesi, lami na mvuke wenye asidi. Kinachobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa. Mkaa uliotengenezwa vizuri una kaboni kiasi cha asilimia 75 hadi 80, na kilo moja hutoa nishati ya megajuli 28 hadi 30 hivi, karibu mara mbili ya kuni zilizoanikwa zikakauka. Kwa kuwa gesi na lami zimekwisha kutoka, mkaa mzuri hauwaki kwa ndimi ndefu wala hautoi moshi mwingi. Huiva na kuwa mwekundu, ukatulia.

Si kila gunia lina mkaa wa namna hiyo. Vipande vyenye rangi ya kahawia, ambavyo vikivunjwa huonyesha nyuzi za mti, ni mkaa usioiva. Bado vina lami ndani, na vikiwekwa jikoni hutoa moshi mzito unaowasha macho na kuipa nyama uchungu. Mkaa ulioiva ukigongwa hulia kama kigae, na pale unapovunjika hung'aa. Mkaa wa miti mizito, kama migunga na miti mingi ya miombo, hudumu jikoni. Ule wa miti miepesi huwaka upesi ukaisha upesi, na mchomaji hulazimika kuongeza mkaa mbichi wakati nyama iko juu ya wavu, jambo ambalo halifai.

Gunia lililonyeshewa mvua, au lililomwagiwa maji ili lizidi uzito, humpunja mnunuzi kwa njia mbili. Kwanza amenunua maji kwa bei ya mkaa. Pili, kila kilo ya maji hayo huhitaji megajuli 2.6 hivi ili ichemke na kuwa mvuke. Kiasi hicho cha nishati si kikubwa kama watu wanavyodhani. Tabu iliyo kubwa ni kwamba kipande chenye maji hakiwezi kupanda sana juu ya nyuzi 100 mpaka maji yaishe, kwa hiyo jiko huwa na mabaka: hapa makaa mekundu, pale weusi unaofuka moshi. Vipande vyenye unyevu pia hupasuka na kurusha cheche. Kuuanika mkaa juani siku moja kabla ya kuutumia ni kazi ndogo yenye faida kubwa.

Katika kuwasha, vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi na vijiti vikavu vinatosha. Mafuta ya taa huacha harufu ambayo hukaa kwenye vinyweleo vya mkaa kwa muda, na vipande vya plastiki, ambavyo baadhi ya watu huvitumia kwa sababu hushika moto haraka, hutoa moshi wenye sumu ambao haustahili kukaribia chakula. Baada ya kuwasha, nyama isiwekwe mpaka makaa yote yameshika na kufunikwa na utando mwembamba wa majivu ya kijivu. Kungoja huko huchukua dakika 20 hadi 30. Hapa ndipo wachomaji wengi hushindwa, hasa wateja wanapokuwa wamekwisha kaa.

Hewa ndiyo hatamu

Kaboni ikikutana na hewa ya kutosha huungua na kuwa kabonidayoksaidi. Hewa ikiwa haba, au tabaka la makaa likiwa nene mno, gesi hiyo hupita katikati ya makaa mengine mekundu na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Vile vindimi vya buluu vinavyochezacheza juu ya jiko lililojaa ni gesi hiyo inayoungua inapokutana na hewa ya juu. Kwa hiyo jiko lililorundikwa mkaa halimpi mwenyewe joto lote alilolinunua. Unene wa vipande viwili unatosha kwa kazi nyingi.

Mlango mdogo wa chini wa jiko umewekwa kwa ajili ya kupima hewa. Ukifunguliwa wote, makaa hupanda joto. Ukizibwa nusu, hutulia. Matundu ya kichujio yakizibwa na majivu, moto hulegea hata kama mkaa ni mzuri, na mchomaji asiyejua sababu huongeza mkaa, kisha hupepea kwa kipepeo kutoka juu. Kupepea kutoka juu hurusha majivu kwenye nyama na kuamsha ndimi za moto pale mafuta yanapodondoka. Ni bora kutikisa jiko ili majivu yaanguke na hewa ipite chini.

Jinsi hewa inavyobadili nguvu ya moto huonekana vizuri kwa hesabu. Makaa yenye wekundu hafifu yana joto la nyuzi 700 hivi. Yakipepewa mpaka yawe na rangi ya chungwa inayong'aa hufika nyuzi 900. Mtu angedhani kwamba nyongeza hiyo ni ndogo. Lakini kanuni ya mnunurisho iliyogunduliwa na Josef Stefan mwaka 1879 inasema kwamba nishati inayotolewa na kitu chenye moto hulingana na kipeo cha nne cha joto lake, likihesabiwa kutoka sifuri halisi, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri ya Sentigredi. Nyuzi 700 huwa 973 katika hesabu hiyo, na 900 huwa 1,173. Uwiano wake ni 1.2, na 1.2 ikizidishwa kwa yenyewe mpaka kipeo cha nne hupita 2. Dakika moja ya kupepea imeongeza moto unaoipiga nyama zaidi ya mara mbili, ingawa kwa macho ni rangi tu iliyobadilika.

Jiko linalojilisha lenyewe

Huko Marekani, katika jimbo la Oregon, familia ya Traeger ya mji wa Mount Angel ilibuni katika miaka ya 1980 jiko la kuchomea nyama ambalo linafaa kutazamwa kwa muda, kwa sababu linafanya kwa mashine yale ambayo mchomaji hufanya kwa mikono. Fueli yake ni vidonge vidogo vya unga wa mbao, vyenye unene wa milimita 6 hivi. Unga huo hukandamizwa kwa nguvu nyingi, ukapata joto, na lignini, ambayo ni gundi ya asili ya mti, hulainika na kuushikamanisha. Parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme husukuma vidonge kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto. Feni hupuliza hewa. Na kipimajoto ndani ya jiko huamuru parafujo iongeze au ipunguze. Bati la chuma huwekwa kati ya moto na nyama, ili nyama iive kwa hewa ya moto inayozunguka badala ya kupigwa moja kwa moja.

Majiko hayo yana matatizo yake, nayo ni yaleyale ya jiko la mkaa yakiwa katika sura nyingine. Vidonge vikiingia unyevu huvimba na kurudi kuwa unga, na unga huo hukwamisha parafujo. Majivu yakijaa katika bakuli, hewa huzibwa na moto huzimika. Mafuta yasiposafishwa hushika moto. Wenye majiko hayo hulalamika pia kwamba nyama haina harufu ya moshi waliyoitarajia. Sababu ni kwamba moto mdogo wenye hewa nyingi huuteketeza moshi wake wenyewe. Anayetaka harufu hana budi kuanza na joto la chini, nyuzi 80 hadi 110, nyama ikiwa bado baridi na yenye unyevunyevu, kwa kuwa moshi hunasa vizuri zaidi juu ya kitu kibichi chenye maji kuliko juu ya kitu kilichokauka. Kisha joto huongezwa mwishoni.

Mchomaji wa mkaa hana mota wala feni, lakini kitu muhimu kuliko vyote katika jiko lile anaweza kukipata bila gharama. Nacho ni mahali pa kuivishia nyama pasipo na moto chini yake.

Sehemu mbili juu ya wavu mmoja

Ni kawaida kutandaza makaa sawasawa chini ya wavu wote, na moto ukizidi, kuinua wavu. Kuinua huko hakusaidii kama inavyodhaniwa. Kaa moja likiwa peke yake, nguvu ya joto lake hupungua haraka kadiri mtu anavyosogea mbali; lakini tandiko pana la makaa hulizunguka eneo lote la chini ya nyama, na sentimita tano za kuinua hubadilisha kidogo tu. Kilicho bora ni kusukumia makaa upande mmoja wa jiko na kuacha upande wa pili mtupu. Upande wenye makaa ni wa kutia rangi na ladha. Upande mtupu ni wa kuivisha. Vipande vinene huanzia upande mtupu vikiwa vimefunikwa kwa sufuria iliyopinduliwa, kisha humalizikia juu ya makaa kwa dakika chache. Bati la kuezekea lisitumike kufunika wala kuwa wavu: limepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kutoa moshi unaodhuru inapozidi kupata moto.

Nguvu ya moto inaweza kupimwa kwa kiganja kilichowekwa mahali nyama itakapokaa. Asiyeweza kuvumilia zaidi ya sekunde mbili au tatu ana moto mkali. Sekunde tano au sita ni moto wa wastani, unaofaa mishikaki. Nane hadi kumi ni moto mpole.

Yanayotokea ndani ya nyama

Karibu robo tatu ya nyama ni maji. Joto huingia kutoka nje kwenda kati polepole, na muda wake hufuata mraba wa unene: kipande cha sentimita 4 hakihitaji mara mbili ya muda wa kile cha sentimita 2, bali karibu mara nne. Kwa hiyo mshikaki wenye vipande vikubwa na vidogo katika kijiti kimoja hauwezi kuiva sawasawa kwa ustadi wowote. Kukata vipande vilingane ni jambo la kisu, nalo hufanyika kabla moto haujawashwa.

Protini za misuli huanza kubadilika kwenye nyuzi 50 hivi. Zinapopita 60, tishu zinazofunga nyuzi za nyama hunywea na kukamua maji, na kuanzia hapo kila nyuzi inayoongezeka huikausha nyama zaidi. Lakini tishu hizohizo, ambazo zimejengwa kwa protini iitwayo kolajeni, zikikaa katika joto la nyuzi 70 na zaidi kwa muda mrefu hugeuka kuwa jelatini laini. Ndiyo sababu shingo na kifundo huhitaji saa nyingi kwa moto mpole, na sarara huhitaji dakika chache tu. Wapishi wengi wa pwani hupaka papai bichi kwenye nyama ngumu. Lina kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunja protini, nacho hufanya kazi zaidi nyama inapokuwa ikipata moto, kwenye nyuzi 60 hadi 70, kuliko ikiwa baridi. Likiachwa usiku kucha hulainisha tabaka la nje mpaka likawa kama uji.

Rangi ya kahawia na harufu inayomvuta mpita njia hutokana na mwungano wa sukari na asidi za amino, ambao Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mwungano huo huenda kwa kasi kuanzia nyuzi 140 hivi, nao hauwezi kufika huko wakati uso wa nyama una maji, kwa kuwa maji huushikilia kwenye 100. Nyama inayodondosha viungo vya majimaji ikiwekwa kwenye wavu huchemka kabla ya kuchomeka. Ipanguswe kwanza. Ipo pia imani ya zamani, iliyoenezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, kwamba ukoko wa nje huziba umajimaji usitoke. Imani hiyo si kweli, na mlio wa mafuta na maji yanayoendelea kudondoka baada ya ukoko kufanyika unatosha kuikanusha. Ukoko ni wa ladha, si wa kuzibia.

Rangi ya nje si ushahidi

Katika nchi za Afrika ya Mashariki, na hasa mahali ambapo nguruwe huachwa watembee na vyoo ni haba, nguruwe hula kinyesi cha binadamu chenye mayai ya tegu. Mayai hayo hugeuka kuwa vifuko vidogo vyeupe katika misuli yake, vyenye ukubwa wa punje ya mchele hadi ya njegere. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, hupata mnyoo tumboni unaoweza kufikia urefu wa mita kadhaa. Yeye mwenyewe huenda asisikie maumivu yoyote. Lakini mayai yanayotoka katika kinyesi chake, yakimezwa na mtu mwingine au na yeye mwenyewe kwa njia ya mikono michafu, maji au mboga, huweza kwenda kufanya vifuko katika ubongo. Hapo huja kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa hutokana na mdudu huyu. Na nchini Tanzania tatizo hilo limechunguzwa katika sehemu kama Mbulu na Mbozi.

Vifuko hivyo hufa kati ya nyama ikifika nyuzi 70. Kwa kuwa nje hufika 140 mapema sana, rangi ya nje haisemi lolote juu ya kati. Kipimajoto chenye sindano ndicho shahidi wa kuaminika. Kisipokuwapo, kipande kinene kuliko vyote kipasuliwe, na pasionekane sehemu yenye wekundu au yenye kung'aa kama nyama mbichi. Kuku hana budi kufika nyuzi 74 na nyama ya kusaga 71, kwa sababu ya bakteria. Muhuri wa mkaguzi wa nyama ni ulinzi wa kwanza, na nyama isiyo nao isiletwe jikoni kwa matumaini kwamba moto utaisafisha. Sahani na kibao vilivyobeba nyama mbichi visipokee iliyoiva.

Mafuta, ndimi na moshi mweusi

Mafuta yanayodondoka juu ya makaa huungua nusunusu na kutoa moshi wenye masizi. Ndani ya moshi huo mna kemikali za jamii ya benzopirini, na moshi huo hupanda ukashika nyama. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzopirini katika kundi la vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu, na mwaka 2015 liliiweka nyama nyekundu yenyewe katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Hilo halina maana kwamba mlo mmoja wa mishikaki ni sumu. Hatari hutegemea wingi na miaka. Hata hivyo sehemu kubwa yake inaepukika. Mafuta ya ziada yakatwe kabla. Ndimi zikizuka, nyama isogezwe upande mtupu, wala moto usimwagiwe maji, kwa kuwa hurusha majivu na mvuke. Kugeuza mara kwa mara huzuia uso usipate joto la kupindukia, na viungo vyenye ndimu na vitunguu saumu hupunguza aina nyingine ya kemikali zinazozaliwa nyama inapoungua. Sehemu nyeusi kama mkaa zikatwe zitupwe, hata kama wapo wanaozipenda.

Nyama ikitolewa, ipumzishwe dakika tano hadi kumi kabla ya kukatwa. Joto la nje huendelea kuingia kati, na kipande kinene huweza kupanda nyuzi kadhaa kikiwa mezani. Jiko lenye makaa lisiingizwe ndani ya nyumba kwa ajili ya kuota moto usiku: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo. Makaa yaliyobaki yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko kinachobana, yakae nje. Yakikosa hewa huzimika, na siku ya pili huweza kuwashwa tena pamoja na mkaa mpya.